Chupa ya Sandarusi Niliyompelekea Mama

Jumatatu, 15 Desemba

Nimeponda sandarusi tangu saa moja asubuhi. Kiganja cha kulia kimevimba. Shangazi Somoe anataka chembe za ukubwa wa punje ya mtama, si unga. Unga unaganda chini ya pipa na kuungua. Leo nimeharibu mara moja tu.

Sandarusi ni utomvu wa mti, msandarusi. Unatoka kwenye gome, unakauka, unakuwa kama kioo cha njano. Hapa Mkunya hakuna asiyeijua. Kuitoa mafuta ndiyo habari mpya. Kikundi cha Shangazi kina wanawake watano, na kazi inafanyika uani kwetu. Mtaalamu alikuja mara mbili kutoka Mtwara akawafundisha: pipa juu ya moto, bomba la shaba, ndoo ya maji baridi ambamo bomba linapita. Mvuke unapanda na harufu, unakutana na baridi, unadondoka. Maji yanakaa chini, mafuta yanaelea juu. Chupa zinakwenda pwani, kwenye hoteli na nyumba za kukanda watu mwili.

Mtambo unafanana sana na wa kupikia gongo. Ndiyo maana Mama Chiku, mmoja wa wale watano, anaujua kuliko mtaalamu.

Tunafanya kazi siku za mvua tu. Huku juu maji ni shida, na kupoza bomba kunataka ndoo kumi. Leo tumekinga ya bati, tumepata.

Nimemaliza kidato cha nne. Niko nyumbani. Mama hayupo.

Jumanne, 16 Desemba

Jana niliandika sentensi ile ya mwisho nikafunga daftari. Leo nijikaze niandike yote.

Mama alijifungua Septemba, mimi nikiwa hosteli. Matroni aliniita ofisini akasema nimepata mdogo wangu wa kiume, anaitwa Swalehe. Mimi sina ndugu mwingine. Nilirudi bwenini nikiwa nakimbia, mimi ambaye sikimbiagi. Kila Jumatatu niliandika umri wake kwenye jalada la daftari la Baiolojia. Wiki moja. Wiki mbili. Niliendelea hadi wiki ya kumi na mbili.

Alikufa akiwa na siku thelathini na moja.

Hawakuniambia. Waliogopa nisije nikavurugikiwa na mtihani. Baba aliniambia siku aliyokuja kunichukua, tumesimama na sanduku langu kando ya barabara tukisubiri gari. Alisema, "Mdogo wako hatunaye." Kisha akainama akafunga upya kamba ya sanduku, ingawa ilikuwa imefungwa vizuri. Kwa karibu wiki nane nilikuwa namhesabia umri mtu aliyekwisha kuzikwa.

Mama alikuwa ameshaondoka. Alipotimiza arobaini yake alifunga nguo akaenda Masasi kwa dada yake, Mama Mkubwa. Hajarudi. Baba anasema Mama hawezi kulala katika nyumba hii. Nikiuliza zaidi anachukua jembe.

Sijamwona Mama tangu likizo ya Juni. Wakati ule alikuwa na tumbo, anakula udongo wa kichuguu kwa kujificha, ananikonyeza.

Alhamisi, 18 Desemba

Mvua. Pipa limewaka tangu alfajiri.

Wamenipa kazi ya kuandika lebo kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Nimefurahi. Kazi ya kuandika haitaki kusema na watu. Maneno alituachia mtaalamu, mimi nanakili:

Mafuta ya sandarusi. Matone matatu katika bakuli la maji ya moto, vuta pumzi polepole. Hutuliza moyo na kuleta usingizi. Kwa viungo vinavyouma, matone mawili katika kijiko cha mafuta ya ufuta, kanda. Usipake bila kuchanganya. Usinywe. Yasitumike kwa watoto wachanga.

Nimeandika sitini. Baada ya ishirini mkono ulikuwa unaandika wenyewe, mimi nawaza mengine.

Mama Chiku aliniomba nimsomee. Nikamsomea. Akasema, "Matone matatu mtu analala? Mimi nashinda na pipa zima tangu Juni, usingizi wangu ni uleule wa kuku. Waandikie hao wa hotelini, Mama Chiku wa Mkunya hajalala bado."

Mwenyekiti wa kitongoji alipita, kaona moshi na bomba. Akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Leo gongo la mti?"

"Karibu uonje, Mwenyekiti," Mama Chiku akamjibu. "Ila ukinywa hii utanuka msikitini mpaka Idi."

Akachovya kidole kweli. Uso ulimkunjamana mpaka Shangazi akakaa chini kwa kucheka. Na mimi nilicheka. Halafu nikajisikia vibaya kwamba nimecheka.

Jumamosi, 20 Desemba

Leo nimejaza chupa kwa mara ya kwanza. Shangazi alinishikisha bomba la sindano, nikavuta mafuta yale yaliyoelea nikayatia kwenye vichupa vya kahawia. Harufu ilinipanda puani. Inafanana na ndimu, kisha mbao mbichi, kisha kitu kingine nyuma yake.

Kitu hicho kingine ni Mama.

Zamani, masika, nguo zikikataa kukauka na mbu wakizidi, Mama alitupa kipande cha sandarusi kwenye jiko la mkaa akatandaza nguo juu ya tenga. Nilikwenda shule nikinuka hivyo. Khanga zake zilinuka hivyo. Nikiumwa, alinifunika moja usoni, nikalala.

Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuni.

Nina wazo. Mama hapati usingizi. Mafuta haya yanaleta usingizi, na yana harufu ya nyumbani. Akiyanusa atakumbuka. Mtu akikumbuka kwao, anarudi. Sijamwambia Shangazi, naona haya, ataona mimi bado mtoto. Nimemwomba Mama Chiku chupa moja badala ya posho yangu. Akanitazama akasema, "Chukua mbili, mwanangu." Nimechukua moja.

Jumatatu, 22 Desemba

Nimemwomba Baba ruhusa ya kwenda Masasi. Nilijizungushazungusha jikoni saa nzima kabla ya kusema.

Akasema nenda. Akanifungia korosho za kubangua, kilo mbili, zile nyeupe zisizovunjika. Alizichagua moja moja. "Mwambie mama yako..." akasema. Nikasubiri. Akaenda kuwafungia mbuzi.

Jumatano, 24 Desemba

Masasi. Joto la huku si la kwetu.

Jana jioni Mama alinifungulia mlango yeye mwenyewe. Nilimwamkia, "Shikamoo Mama." Amekonda. Mifupa ya shingo imetokeza. Alinishika uso kwa mikono yote miwili akanitazama kama mtu anayesoma tangazo. Akasema nimekua. Akasema nimefanana na Baba kwenye nyusi. Kisha akaniachia, akaingia ndani.

Mama Mkubwa anakaanga vitumbua, majirani zake Wakristo wameagiza vingi kwa ajili ya kesho. Anazungumza kwa niaba ya nyumba nzima. "Biba, mpige picha mama yako akila, tuiweke ukutani, maana ni jambo la nadra." Mama alitabasamu nusu.

Usiku nililala naye kitanda kimoja. Kila nilipogeuka, macho yake yalikuwa wazi.

Kesho nitampa chupa. Sitampa mkononi. Nitamwandalia chumba, aingie aikute harufu. Nina furaha.

Alhamisi, 25 Desemba

Nimefanya kitu kibaya. Sijui niandike vipi.

Mama alikuwa uani anaoga. Nilichemsha maji, nikayatia kwenye bakuli, nikaliweka juu ya kigoda pembeni mwa kitanda. Matone matatu. Nikaongeza mawili, nikitaka harufu ifike mpaka kwenye shuka. Nikafunga dirisha. Nikakaa kwenye mkeka kungoja.

Mama aliingia, akasimama. Hakupiga kelele. Alishika mwimo wa mlango, akaangalia kitandani, upande wa ukutani, pale anapolazwa mtoto. Hapakuwa na kitu. Kisha akatoka mbio, nikamsikia anatapika uani.

Aliporudi uso wake ulikuwa wa mtu nisiyemjua. Akauliza, "Nani amekutuma?"

Nikasema hakuna. Nikasema ni ya usingizi, Mama, soma. Nikampa chupa. Mimi mwenyewe kwa mkono wangu nikampa.

Akasoma. Alisoma mpaka mwisho, midomo inatembea.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Ndiyo, Mama."

"Yasitumike kwa watoto wachanga." Akarudia tena. Kisha akasema, "Kumbe mnajua." Akaiweka chupa chini taratibu, kama yai. Hajasema nami tena mpaka sasa.

Mama Mkubwa alinichukua jikoni akanieleza, huku anageuza vitumbua na machozi yanamtoka. Kwetu mama akijifungua hufukizwa, yeye na mtoto, siku zote arobaini. Wengine huchoma ubani wa dukani. Sisi huchoma sandarusi. Nilijua hivyo. Kila mtu anajua. Ila sikuwepo. Mimi nilikuwa hosteli, harufu ya siku zile haikunifikia. Asubuhi na jioni Shangazi Somoe alikuja na chetezo, akamfukiza Swalehe, akazungusha moshi kitandani. Siku ya thelathini na moja mtoto alikata roho asubuhi, na chetezo kilikuwa bado kinafuka kando ya kitanda. Mama anaamini moshi ndio uliombana kifua.

Na mimi nimemletea moshi ule ndani ya chupa. Na nimemwandikia kwa mwandiko mzuri kwamba haufai kwa watoto.

Kengele za kanisani zimelia mchana kutwa.

Ijumaa, 26 Desemba

Nimerudi Mkunya. Mama alinisindikiza hadi kwenye kizingiti tu. Alisema, "Safari njema." Niliona ananiweka mbali kidogo, kichwa amekigeuza. Nguo zangu zinanuka sandarusi. Zote. Sikuwa nimelijua hilo.

Jumatatu, 29 Desemba

Siendi kwenye pipa. Nimemwambia Shangazi naumwa kichwa. Mvua inanyesha, siku nzuri ya kazi, nawasikia wanacheka. Nimefua nguo zangu zote mara mbili. Zimekauka. Bado.

Najichukia.

Jumatano, 31 Desemba

Nimemuuliza Baba, Swalehe alikufa na nini?

Nilikuwa sijawahi kumuuliza Baba swali la namna ile. Alikuwa anakula. Alinawa mkono kabla ya kumaliza ugali. Akasema, "Moyo. Daktari alisema moyo." Nikamwambia Mama anaamini ni moshi. Akasema anajua. Akasema, "Nilimwambia mama yako ni moyo, akasema namfariji, namficha dada yangu. Nikinyamaza ananiona nakubali. Nikisema ananiona mwongo."

Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kusikia Baba akisema kwa mfululizo.

Kisha akaingia ndani akatoka na mfuko wa nailoni. Ndani kuna karatasi ya hospitali. Mtoto alipelekwa akiwa na wiki tatu, alikuwa anachoka akinyonya. Daktari alisema na Baba koridoni, Mama akiwa ndani ananyonyesha. Wakapewa karatasi na tarehe ya kurudi. Tarehe ile mtoto hakuifikia.

Karatasi imeandikwa Kiingereza. Mwandiko mbaya. Hakuna mtu katika nyumba hii aliyewahi kuisoma.

Alhamisi, 1 Januari

Nimeisoma siku nzima kwa kamusi. Neno la moyo nalijua, nililichora kwenye Baiolojia, vyumba vinne na mishipa. Kuna neno la tundu. Kuna neno la kuzaliwa nalo. Mengine sikuyapata.

Jina lake limeandikwa juu. Swalehe. Ni mara ya kwanza naliona jina lake limeandikwa na mtu mwingine asiye mimi.

Ijumaa, 2 Januari

Nilikwenda zahanati. Nilipita mlangoni mara tatu. Mara ya nne muuguzi alitoka akaniuliza kama nimepotea.

Nikampa karatasi. Aliisoma akanieleza polepole. Mtoto alikuwa na tundu kwenye moyo, ukuta wa katikati. Kubwa. Alianza nalo tumboni. Hakuna aliyemtia. Nikauliza, na moshi? Akafikiri. Akasema hatanidanganya: moshi haufai kwa kifua cha mtoto, wowote ule, wa kuni, wa ubani, na yeye kila siku anawaambia kina mama wasifukize. Lakini moshi hautoboi moyo. Kwa moyo ule angehitaji kupasuliwa mbali sana, na mapema.

Nilimwomba anirudie mara mbili. Niliandika maneno yake nyuma ya bahasha.

Shangazi Somoe nilimkuta anapalilia mbaazi. Nikamweleza yote, pamoja na yale ya Masasi, pamoja na chupa niliyoichukua bila kumwambia. Nilidhani atanigombeza. Alikaa pale pale kwenye matuta. Akasema kitu kwa Kimakonde, kwa sauti ndogo, si kwangu. Halafu akaniambia, "Tangu siku ile sijalala na mimi. Napika dawa ya usingizi ya watu." Akaanza kulia, akaingiza pindo la khanga mdomoni asisikike shambani.

Kumbe na yeye.

Jumapili, 4 Januari

Nimempigia Mama Mkubwa simu. Nimeanza kumweleza, akanikatiza: "Usinimwagie simuni. Njoo wewe na hiyo karatasi. Mimi nitasema nini, mie mkaanga vitumbua?"

Naogopa. Nikikosea mara ya pili Mama hatanifungulia tena. Na nikinyamaza hatarudi, mimi nitapangiwa shule nitaondoka, nyumba itabaki na Baba na mbuzi.

Jumanne, 6 Januari

Niko Masasi. Niandike kwa utaratibu.

Kabla ya kuondoka nilijisugua mpaka ngozi ikawasha. Gauni nimeazima kwa binti wa Mama Chiku. Daftari hili nimelifunga kwenye mfuko wa nailoni, nalo linanuka.

Mama alinifungulia. Akanusa, nikaona pua yake inanusa. Akasema, "Umejiogesha na mche mzima wa sabuni?" Nikasema robo tatu. Akacheka. Kicheko kifupi, kikavu, lakini kilikuwa chake.

Tulikaa chumbani. Nilimwambia, Mama, nimekuja kukusomea kitu, kama hutaki nitanyamaza. Nikasoma. Kiingereza kwanza, neno moja moja, kisha Kiswahili chake. Nilimwonyesha kwa kidole mahali palipoandikwa tundu. Nilimchorea moyo nyuma ya bahasha, kama wa Baiolojia, nikatia alama. Kisha nikamwambia maneno ya muuguzi, yote mawili. Kwamba moshi haufai. Na kwamba moshi hautoboi moyo. Nilitaka kuruka lile la kwanza. Sikuruka.

Mama aliutazama mchoro muda mrefu.

"Lilikuwemo tangu tumboni?"

"Tangu tumboni, Mama."

"Basi ni mimi."

Nikasema hapana. Nilisema kwa nguvu, sijawahi kumwambia Mama hapana kwa sauti ile. Muuguzi alisema hakuna aliyemtia. Hakuna. Nikamsomea tena bahasha. Akanivuta akaniweka kichwa mapajani mwake kama mtoto mdogo, na mimi nina miaka kumi na saba, magoti yangu yalining'inia nje ya kitanda.

Kisha akaanza mwenyewe kunieleza. Alisema Swalehe alikuwa anapiga chafya. Chetezo kikiingia tu, chafya tatu, hazizidi hazipungui, kisha anakunja uso kama mzee aliyeudhiwa barazani. Alisema alikuwa na nywele mpaka mabegani. Alisema alipenda kunyonya ziwa la kushoto, la kulia alilikataa, wakamtania kwamba ana mke upande ule.

Kwa hiyo sasa najua vitu vitatu. Nina mdogo wangu.

Jumatano, 7 Januari

Mama ameniuliza leo, akikatakata kisamvu, bila kunitazama: "Kaburi liko upande gani?"

Nilishangaa. Halafu nikaelewa. Siku ya mazishi alikuwa ndani, hajatimiza arobaini, na kwetu wanawake hawaendi makaburini siku ile. Wanaume walimchukua. Kisha yeye akaondoka. Hajawahi kuliona.

Na mimi sikujua. Nilikuwa sijamuuliza Baba. Nimesema nitauliza.

Ijumaa, 9 Januari

Nimerudi Mkunya. Nilimuuliza Baba. Akanipeleka. Ni nyuma ya msikiti wa zamani, upande wa mabondeni, unaona ukungu chini. Kaburi ni dogo sana. Pamepaliliwa vizuri, udongo umechambuliwa majani, na kuna mawe meupe pembeni.

"Nani anapalilia?" nikauliza.

"Ijumaa huwa napita," akasema.

Kumbe kila Ijumaa. Akitoka swala anachelewa, tunadhani yuko barazani na wenzake.

Nikamwambia Mama ameuliza. Akanishika bega, akaliachia. Akasema, "Mwambie siku yoyote."

Jumatatu, 12 Januari

Tunasiriba chumba cha Mama. Baba ameleta udongo mwekundu, mimi nakanyaga, yeye anapaka. Kuta zimemeza moshi wa miaka mingi. Kila tunapolowesha, harufu inaamka. Tunapaka juu yake. Dari tumeifuta kwa majani mabichi. Godoro tumelitoa juani siku tatu.

Shangazi ameliondoa pipa uani kwetu, amelipeleka kwa Mama Chiku ng'ambo ya barabara. Mama Chiku anasema sasa nyumba yake itanuka kama hoteli na mumewe atadai shuka jeupe.

Maneno ya Baba nilimfikishia Mama kwa simu, lakini hatujui kama atakuja. Hakuna aliyesema atakuja.

Ijumaa, 16 Januari

Amekuja.

Mama Mkubwa alipiga simu alfajiri kwamba wako njiani, saa tano wakashuka. Baba alikwenda kuwapokea stendi akiwa na kanzu. Walisalimiana kama watu wanaopeana mkono msibani, wakaachiana haraka. Njia nzima alitembea hatua mbili mbele, kila mara anageuka kuona kama Mama amekwama kwenye matope.

Tulikwenda makaburini moja kwa moja kabla ya nyumbani. Mama alichuchumaa. Hakulia kwa sauti. Alipima urefu wa kaburi kwa shubiri, toka jiwe hadi jiwe, kisha akaunyoosha mkono wake akaulinganisha. "Alikuwa anafika hapa," akasema, akagusa kiwiko. Baba akasema, "Ndiyo, anafika hapo." Wakakaa vile, mmoja huku, mwingine huku. Mimi na Mama Mkubwa tulirudi nyuma tukatazama bondeni.

Nyumbani, Shangazi Somoe alikuwa amesimama nje ya ua, hajui aingie au aende. Amejifunga khanga mpya, bado ina gundi ya dukani. Mama alimwona. Ilichukua muda. Nilihesabu pumzi zangu, zikafika tisa.

"Wifi," Mama akasema, "unasimama juani kwani wewe mgeni?"

Shangazi akaingia. Hawakukumbatiana. Walikaa kwenye mkeka mmoja wakamenya ming'oko, viazi vya porini vya kuchemsha, maganda yakirundikana katikati yao.

Jumamosi, 17 Januari

Mama Mkubwa ameondoka asubuhi, vitumbua vinamngoja. Mama amebaki.

Sijamuuliza atakaa siku ngapi. Baba naye hajauliza. Mkoba wake uko juu ya kiti chumbani, zipu imefungwa. Nimepita mara nyingi kuutazama. Chumba kinanuka udongo mbichi.

Baada ya adhuhuri alilala kidogo. Nilikaa mlangoni nikafukuza kuku. Aliamka mwenyewe, macho mekundu, hakusema kama alipata usingizi kweli au alifumba tu.

Mvua imeanza. Nimewasha moto. Mama ameingia jikoni, amekunja mikono ya gauni, amefungua kopo la kwanza, la pili, akasimama.

Ameuliza chumvi tunaiweka wapi siku hizi.

Nimemwonyesha.